Sharti, Kaimu na "Mara Moja": Kuwaza kwa Kiswahili Majaribio ya Programu za Ruby

1.0 UTANGULIZI

Makala haya yanahusu jambo dogo la taaluma ya kompyuta ambalo, linapoelezwa kwa Kiswahili, huzua maswali ya istilahi yasiyo madogo. Mtayarishaji wa programu anapotaka kupima kipande kimoja cha kazi yake, aghalabu huiondoa ile sehemu halisi ambayo kipande hicho huitegemea, na mahali pake huweka kitu cha kuigiza. Kabla ya jaribio kuanza, hukiagiza kitu hicho: kitaitwa kwa jina gani, kitapewa nini, mara ngapi, nacho kijibu nini. Jaribio likiisha, kitu hicho huulizwa kama yote yaliyoandikwa yalitendeka. Watumiaji wa lugha ya Ruby hufanya hivyo kila siku.

Katika Chuo Kikuu cha Kisangani, kama katika vyuo vikuu vya Kongo kwa jumla, lugha ya kufundishia ni Kifaransa. Lakini mwanafunzi anaporudi Mangobo jioni na kumweleza mwenziwe alichojifunza, humweleza kwa Kiswahili au kwa Lingala, maana katika mji huo lugha hizo mbili hukaa nyumba moja. Hapo ndipo dhana hupata jina, au hulikosa. Jina likipotoka, upotofu hauishii katika mazungumzo. Huweza kuingia katika programu yenyewe. Mfano utakaotumiwa hapa ni wa malipo, kwa kuwa penye fedha kosa la namna hii halikai sana bila mtu wa kulilalamikia.

2.0 MTOTO ALIYETUMWA DUKANI

Mama anataka kujua kama mwanawe wa miaka sita ameiva kiasi cha kutumwa dukani. Hampeleki kwanza kwa mwenye duka na noti ya kweli mkononi. Humweka binti yake mkubwa nyuma ya meza na kumwagiza hivi: "Atakuja mdogo wako. Ataomba chumvi kilo moja, wala si kitu kingine. Ataomba mara moja tu. Akisema hivyo, mpe pakiti hii tupu. Akiomba sukari, nipigie kelele palepale. Na asipofika kabisa, nijulishe."

Binti huyo si mwenye duka. Hana chumvi, hana mizani, hajui bei. Hata hivyo ana kazi mbili ambazo ni vyema zitenganishwe. Kwanza, humjibu mtoto ili zoezi liendelee. Pili, hushuhudia: husema kama mtoto alitamka alichotakiwa kutamka, na kwa idadi iliyotakiwa. Angepewa kazi ile ya kwanza peke yake, angetoa pakiti kwa kila aombaye, na mama asingejifunza lolote juu ya maneno ya mtoto.

Wataalamu wa majaribio ya programu wametengana kwa muda mrefu juu ya tofauti hiyohiyo. Dhana ya kitu cha kuigiza chenye kushuhudia ilitangazwa mwaka 2000 na Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig, waliokuwa wakifanya kazi London, katika mkutano uliofanyika kisiwani Sardinia. Baadaye jina hilo la kuigiza lilianza kutumiwa ovyo kwa kila kitu cha uongo kilichowekwa ndani ya jaribio, hata Martin Fowler akaandika insha, mwaka 2004 na kuirekebisha mwaka 2007, kuonya kwamba kinachojibu tu na kinachoshuhudia si kitu kimoja. Mwaka huohuo wa 2007 Gerard Meszaros alitoa kitabu kinene kilichoviweka vitu hivi vyote chini ya jina moja la jumla, alilolitoa katika sinema: yule mtu anayesimama badala ya mchezaji mashuhuri katika matendo ya hatari.

Kwa Kiswahili, neno lililo karibu zaidi na jina hilo la jumla ni *kaimu*. Kaimu hukalia kiti cha mwenyewe asiyekuwapo, na kila mtu hujua kwamba si mwenyewe. Neno *bandia* limekwisha kupendekezwa na wengi katika mazungumzo, lakini lina harufu ya udanganyifu. Noti bandia humdhulumu mtu, ilhali kitu kinachozungumziwa hapa hakimdanganyi aliyekiweka. Kaimu ajibuye tu anaweza kuitwa *kizibo*, na hapa Mkongo ana bahati, kwa sababu watayarishaji wa programu wanaotumia Kifaransa humwita *bouchon*, yaani kizibo hasa cha chupa: huziba tundu ili mambo yasimwagike, basi. Yule wa pili, ambaye ndiye shabaha ya makala haya, ataitwa *kaimu shahidi*.

3.0 DUKA LA MFANO

Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi mmoja anamtengenezea jirani yake programu ya duka. Mangobo ni mojawapo ya komini sita za Kisangani, pamoja na Makiso, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, na biashara zake nyingi ni ndogondogo. Jirani anataka wateja waweze kulipa kwa simu. Huduma za namna hiyo zipo Kongo kwa miaka mingi sasa. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, iliingia nchini humo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Kitu kimoja kinaitofautisha Kongo na nchi nyingi za jirani, nacho msomaji akiweke moyoni: watu huuza na kununua kwa sarafu mbili, faranga za Kongo na dola za Marekani, na hata fedha za simuni huwekwa kwa sarafu zote mbili.

Kipande cha programu kinachohusika ni kifupi. Maneno ya Ruby yenyewe ni ya Kiingereza, lakini majina anayoyabuni mtayarishaji yanaweza kuwa ya Kiswahili, na Ruby haina kinyongo. (Isipokuwa moja: hakuna njia ya kuandika *ng'ombe* kama jina la kitu, kwa kuwa alama ile ya ritifaa huichukua Ruby kuwa mwanzo wa maandishi.)

    class Duka
      def initialize(wakala)
        @wakala = wakala
      end

      def lipisha(mteja, kiasi)
        @wakala.toza(mteja, kiasi, "CDF")
      end
    end

*Wakala* hapa ni kitu kinachozungumza na kampuni ya simu. Duka halimtafuti wakala lenyewe. Hukabidhiwa linapoundwa, na ndiyo maana kaimu anaweza kupenyezwa bila Duka kujua. Kumpima Duka kwa wakala halisi kungehitaji mtandao, umeme, na fedha ya kweli kutoka katika simu ya kweli kila mara jaribio linapoendeshwa. Kwa mtu anayenunua data kidogo kidogo, na ambaye umeme humkatikia bila taarifa, hiyo si njia ya kufanyia kazi kutwa. Jaribio lenye kaimu huandikwa hivi kwa maktaba ya Mocha, aliyoitoa James Mead mwaka 2006:

    def test_lipisha_hutoza_faranga
      wakala = mock("wakala")
      wakala.expects(:toza)
            .with("mteja-7", 5000, "CDF")
            .once
            .returns(:imekubaliwa)

      duka = Duka.new(wakala)

      assert_equal :imekubaliwa, duka.lipisha("mteja-7", 5000)
    end

Mistari minne inayoanzia kwenye *expects* ndiyo yale maagizo ya mama kwa binti. Wa kwanza hutaja jina la ombi. Wa pili, vitu vitakavyoambatana nalo. Wa tatu, idadi. Wa nne, jibu. Hukumu hutolewa katika nyakati mbili. Duka likimwomba kaimu jambo lisiloandikwa, kwa mfano likimtumia "USD" badala ya "CDF", jaribio huvunjika palepale: hiyo ndiyo kelele ya sukari. Duka lisipoomba kabisa, hakuna kelele wakati huo, kwa kuwa kaimu hawezi kujua kama ombi halitakuja. Ni mwisho wa jaribio tu ambapo Mocha hupitia orodha na kukuta agizo lisilotimizwa.

Uhakiki huo wa mwisho Mocha huufanya yenyewe. Katika Minitest, maktaba ya Ryan Davis, kaimu shahidi huandikiwa maagizo kwa *expect*, lakini mtayarishaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuita *verify* baadaye. Akisahau, maagizo hubaki yameandikwa na hakuna aliyeulizwa kama yametimizwa. Jaribio hupita kimya. Ni mtego wa kijinga, na umewanasa watu wengi wasio wajinga.

Jambo moja la sarufi lipitiwe kwa haraka. Jina la jaribio hapo juu limeandikwa kwa *hu-* ya mazoea, si kwa *-na-* wala *-ta-*. Hiyo inafaa, kwa maana jaribio halisemi litakalotokea leo bali lile ambalo Duka hulitenda siku zote.  Kiswahili kina tofauti hii tayari katika kiambishi.

4.0 NENO LA "EXPECTS"

Sasa neno gumu. *Expects* litafsiriweje? Jibu la kwanza la kila mwanafunzi wa kamusi ni *kutarajia*, na mistari ile ikaitwa *matarajio*. Jibu hilo halina kosa la kamusi. Lina kosa la dhana. *Taraji* limetoka katika shina la Kiarabu la kutumaini, na Kiswahili hakikulivua maana hiyo. Anayetarajia mvua hakasiriki na mawingu yasipoinyesha. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kaimu "anatarajia kuitwa", ataona kwamba kutoitwa ni bahati mbaya, na kumbe ni kuvunjika kwa jaribio.

Kifaransa, ambacho ndicho mlango wa taaluma hii kwa Mkongo, kina tatizo lake. *Attente* ni matarajio na vilevile ni kungojea; chumba cha kungojea daktari huitwa kwa neno hilohilo. Anayepitia Kifaransa kuja Kiswahili huweza kusema kaimu "anangojea toza", na sentensi hiyo huleta picha ya programu iliyosimama, ikihesabu sekunde mpaka ombi lifike. Hakuna kinachosimama. Kaimu hajui saa.

Neno linalofaa ni *sharti*. Ni jina, na kwa hiyo mtu anaweza kuandika masharti, kuyahesabu, kuyatimiza na kuyavunja. Lakini pia, na hapa ndipo uzuri wake ulipo, Kiswahili hulitumia kama neno la kuonyesha ulazima: *sharti aje*. Mistari ile minne husomeka basi kwa sentensi moja isiyo na tafsiri ya kulazimishwa: *Sharti wakala aombwe toza, kwa mteja-7, 5000, CDF, mara moja tu, naye ajibu imekubaliwa.* Msomaji asiyewahi kuiona Ruby huielewa.

Manufaa zaidi yanaonekana katika RSpec, maktaba nyingine inayotumiwa sana. Kaimu wa RSpec huandikiwa ama *allow* ama *expect*: la kwanza humruhusu kupokea ombi na kulijibu, wala halimshtaki mtu ombi lisipokuja, la pili hushtaki. Mocha hutenganisha vivyo hivyo kwa *stubs* na *expects*. Kwa Kiswahili jozi hiyo ni *ruhusa* na *sharti*, na hakuna mwenye lugha anayehitaji kuelezwa tofauti ya maneno hayo. Kutokana na jozi hiyo hupatikana pia kanuni ya kazi: ombi la kuuliza habari, kama vile salio la mteja, lipewe ruhusa; ombi la kutenda jambo duniani, kama kutoza fedha, lipewe sharti. Mtu akiweka sharti juu ya kila ombi, jaribio litavunjika kila anapopanga upya mambo ya ndani ya Duka bila kubadili matokeo yoyote, na baada ya wiki chache atayafuta majaribio yake kwa hasira.

Liko pia neno *once*. Hili lilionekana rahisi kuliko yote, na ndilo lenye hatari kuliko yote. *Mara moja* kwa Kiswahili ni idadi, kinyume cha mara mbili; lakini pia ni haraka, bila kuchelewa: *njoo mara moja*. Mwenye duka akimwambia mtayarishaji "mteja atozwe mara moja", amesema mambo mawili kwa pumzi moja, na mtayarishaji huenda akachukua lile lisilokusudiwa. Tuseme mtandao umekatika katikati ya malipo. Aliyeelewa "haraka" ataandika programu irudie ombi papo hapo. Lakini kukatika kwa mtandao hakusemi kama fedha zimetozwa au la. Huenda zimetozwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kurudia bila kuuliza ni kumtoza mtu mara mbili.

Sharti lililoandikwa vizuri huliondoa shaka hilo, kwa kuwa *once* katika Ruby haina maana ya haraka hata kidogo:

    wakala.expects(:toza)
          .with("mteja-7", 5000, "CDF")
          .once
          .raises(MtandaoUmekatika)
    wakala.expects(:ulizia)
          .with("mteja-7")
          .once
          .returns(:imekubaliwa)

Yaani: sharti toza iombwe mara moja tu, nayo ishindwe kwa kukatika mtandao, kisha sharti programu iulizie kilichotokea. Kipande cha Duka kilichoonyeshwa juu hakitimizi masharti haya, na ndivyo inavyotakiwa: jaribio huandikwa, huvunjika, ndipo Duka huongezewa mistari ya kulitimiza. Duka likirudia toza kwa pupa, kaimu hupiga kelele. Katika maandishi ya Kiswahili, basi, *tu* isiachwe kamwe baada ya *mara moja* pale idadi inapokusudiwa. Kwa *never* lipo *kamwe* lenyewe, pamoja na kikanushi: sharti toza isiombwe kamwe, ikiwa salio halitoshi. Kwa *at_least_once*, "si chini ya mara moja" hutosha.

5.0 SHAHIDI ALIYEFUNDISHWA NA MWENYE KESI

Yamebaki masharti na ukweli. Kaimu shahidi huandikiwa masharti na mkono uleule ulioandika Duka. Mkono huo ukiamini jambo lisilo kweli kuhusu kampuni ya simu, utaliandika mara mbili: katika Duka na katika kaimu. Pande mbili zitakubaliana, na jaribio litapita.

Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi yule hakukumbuka sarafu. Duka lake linaita *toza(mteja, kiasi)*, na sharti lake linasema *with("mteja-7", 5000)*. Kaimu wa Mocha ataridhika, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba wakala halisi hudai vitu vitatu. Siku ya kwanza dukani, programu itaanguka. Kwa kosa hili RSpec ilileta dawa katika toleo la 3, mwaka 2014: kaimu aundwaye kwa *instance_double* hulinganishwa na wakala halisi, na akipewa ombi ambalo wakala hana, au vitu vilivyopungua, hukataa. Dawa hiyo ni nzuri na haina gharama. Asiyeitumia awe na sababu.

Lakini haitoshi. Wakala halisi huenda ameandikwa hivi:

    def toza(mteja, kiasi, sarafu = "USD")

Sarafu isipotajwa, huchukuliwa kuwa ni dola. Sasa ombi la vitu viwili ni halali, *instance_double* haina la kukataa, kaimu ameridhika, jaribio limepita. Na mteja aliyenunua sukari na sabuni kwa faranga 5000 ametakiwa kulipa dola 5000. Mwaka 2024 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zaidi ya 2500. Ununuzi wake wote haukufika dola mbili. Hakuna kaimu awezaye kuligundua jambo hili, kwa kuwa halimo katika Duka wala katika masharti. Limo katika desturi ya upande wa pili.

Wapo wanaotoa hapa hoja kwamba majaribio ya kaimu hayafai, na kwamba heri kupima kwa vitu halisi tu. Hoja hiyo inavuka mpaka. Mama hakukosea kumtumia binti. Angekosea kama angedhani amekwisha kumjua mwenye duka. Kinachohitajika ni jaribio la aina nyingine, chache kwa idadi, lisilo na kaimu, linalomkabili wakala halisi dhidi ya uwanja wa mazoezi wa kampuni. Kampuni kadhaa za Afrika Mashariki hutoa viwanja vya namna hiyo: Africa's Talking ya Nairobi inao kwa ujumbe wa simu, na Safaricom inao kwa M-Pesa ya Kenya. Humo maombi huenda kweli mtandaoni na majibu hurudi kweli, ila fedha ni za mchezo.

Mtayarishaji wa Mangobo ataendesha majaribio yake ya kaimu mara mia kwa siku, mtandao uwepo usiwepo. Lile la uwanja wa mazoezi ataliweka kando, aliendeshe umeme na data vinapopatikana, na kila anapomgusa wakala. Ndani yake aandike jambo ambalo kaimu hakuweza kulisema: kwamba ombi la 5000 bila sarafu ama likataliwe, ama lirudi na herufi CDF katika stakabadhi.